Mwalimu Aliyepita Njia Hiyohiyo

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Wanafunzi wapatao 1,800 wenye asili ya China katika shule za San Francisco walikuwa wakishinda darasani bila kukijua Kiingereza na bila msaada wowote wa lugha. Mahakama ilikataa hoja kwamba wametendewa sawa na wenzao kwa kuwa tu wamepewa vitabu vilevile na walimu walewale. Shule za nchi ile zikabaki na swali la jinsi ya kumfundisha mtoto wa namna hiyo. Jibu mojawapo lilitoka kwa Anna Uhl Chamot na J. Michael O'Malley katika miaka ya 1980: mfumo wa CALLA, unaofunga pamoja maudhui ya somo, lugha ya kitaaluma na mbinu za kujifunzia.

Kiini chake ni mwalimu kufikiri kwa sauti. Anasoma aya ya sayansi mbele ya wanafunzi, anakutana na neno "wilted", na badala ya kutoa maana anawaonyesha jinsi ya kuitafuta: "Neno hili silijui. Lakini aya inazungumzia mche uliokosa maji siku nyingi. Majani ya mche kama huo huwaje? Hunyauka. Ngoja nisome sentensi inayofuata nione kama maana hiyo inakubali." Kisha mbinu inapewa jina, wanafunzi wanaijaribu, wanapima kama imewafaa, halafu wanaihamishia kwenye somo jingine. Naona hapa ndipo Wamarekani walipotufundisha jambo kubwa: kile anachofanya kimoyomoyo mwanafunzi hodari, ambacho mtafiti Joan Rubin alikiandikia mwaka 1975, kinaweza kutolewa nje kikaonwa na mwanafunzi anayesuasua.

Pwani yetu nayo ina utamaduni wake wa kufundisha lugha ngeni, mkongwe kuliko shule ya serikali. Mtoto alianza alifu kwa kijiti katika chuo cha Kurani. Aliyeendelea hadi darsa za masheikh, kama zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliingia katika nahau ya Kiarabu kwa kitabu kidogo cha Ajurrumiyya, na aliyefika mbali alipambana na Alfiyya ya Ibn Malik, sarufi iliyotungwa kwa beti zipatazo 1,000. Kuifunga kanuni ndani ya ubeti ili isipotee ni mbinu ya kujifunzia, hata kama haikuwahi kuitwa hivyo. Sheikh husoma kipande, hukifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno, mwanafunzi hukirudia. Baadaye wanafunzi hudurusi pamoja, mkubwa akimsikiliza mdogo na kumsahihisha. Na kwa desturi ya ijaza, anayesomesha kitabu ni yule aliyekisoma mwenyewe mbele ya mwalimu wake.

Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo ya elimu. Wengi walihitimu Kurani bila kufahamu maana ya walichokisoma, bakora ilifanya kazi ambayo maelezo yangeifanya vizuri zaidi, na kwa nadra mtu alimweleza mtoto namna ya kukumbuka. Aliambiwa tu akumbuke. Lakini kukariri kwenyewe tusikudharau. Mtafiti Ference Marton na wenzake, walipozungumza na wakufunzi wa ualimu kutoka China katika miaka ya 1990, waliona kwamba kwao kukariri na kuelewa huenda bega kwa bega.

Sasa tazama mafunzo yetu ya ualimu hapa Tanzania. Mkufunzi anaandika ubaoni orodha ya mbinu za kujifunzia lugha, nyingi zikiwa zimetoka katika kitabu cha Rebecca Oxford cha mwaka 1990, wanachuo wananakili na kuzijibia mtihani. Orodha hiyo haina kosa. Kosa ni kuifundisha kama majina ya mito. Anayeinakili, kwa kawaida, ni mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili, akatupwa Kidato cha Kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, akapambana mpaka akavuka. Alikuwa na daftari la msamiati, au rafiki wa kumweleza fizikia kwa Kiswahili wakati wa mapumziko, au redio. Mwalimu wa California aliyekulia katika Kiingereza hana hazina hiyo, ndiyo maana inabidi afundishwe kwa bidii adha anayoipata mtoto wa mhamiaji. Mwalimu wetu anaijua adha hiyo kwa mwili wake, lakini hakuna anayemuuliza. Siku ya kwanza ya mafunzo ingepaswa kuwa ya swali hilo: wewe ulivukaje? Majibu yao ndiyo yapewe majina, yalinganishwe na orodha ya Oxford, kisha yajaribiwe kwa sauti mbele ya wenzao kama CALLA inavyotaka.

Kwa lugha gani? Chamot mwenyewe alishauri kwamba kwa wanaoanza, mbinu zielezwe kwa lugha wanayoielewa inapowezekana. Masheikh wetu walifanya hivyo siku zote, na watafiti wa vyuo vikuu vya Dodoma, St John's, Aga Khan na Bristol walipotengeneza vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, Kiswahili walikipa nafasi kama nyenzo ya kukifikia Kiingereza. Lakini mwalimu atakayejaribu hivyo peke yake, katika shule ambayo mtoto anaadhibiwa kwa kuongea Kiswahili, ataonekana ameshindwa kazi. Kwa hiyo mkuu wa shule na mthibiti ubora nao waketi kwenye mafunzo hayohayo, wasikilize swali lilelile na walijibu, kwa maana wengi wao walivuka mto huohuo.