Uzito Uliotoka Kiwandani: Albamu ya Pili ya Black Sabbath

Hapa kambini vijana wakifungulia roki kwenye spika, hakosi mzee wa kusema huo ni muziki wa shetani. Na wafanyakazi wa mashirika nao wanashangaa: kumbe mkimbizi anasikiliza makelele haya? Mimi nawajibu wote kwa historia ya albamu moja, Paranoid ya Black Sabbath, iliyotoka Uingereza Septemba 1970.

Jamaa hao wanne, Ozzy Osbourne, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, walikulia Aston, mtaa wa wafanyakazi jijini Birmingham. Walizaliwa 1948 na 1949, jiji likiwa bado na makovu ya mabomu. Ozzy aliwahi kufanya kazi machinjioni. Iommi alikuwa kiwanda cha chuma, na akiwa na miaka 17 mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni mashoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi za gitaa. Basi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Akafunga nyuzi nyembamba zisizomtesa, akatafuta namna ya kupiga noti chache zinazojaza chumba.

Albamu ya kwanza, ya Februari 1970, waliirekodi karibu kwa siku moja. Ndani yake bluzi inasikika wazi, na nyimbo mbili ni za bendi nyingine. Miezi saba baadaye, kwenye ya pili, nyimbo zote ni zao. Gitaa na besi zinakwenda bega kwa bega. "Planet Caravan" inapoa kabisa, ngoma za mkono taratibu, halafu "Iron Man" inaingia kama mtu aliyebeba gunia la mahindi. Bila ule utulivu, uzito huo usingesikika hivyo.

Albamu ilikuwa iitwe War Pigs. Wimbo huo, unaoifungua, unawasema wakubwa wanaopanga vita na kutuma maskini wakafe. Mwishoni wakubwa haohao wanapiga magoti siku ya hukumu. Marekani ilikuwa ikipigana Vietnam, na "Hand of Doom" inawahusu askari waliorudi na uraibu wa heroini. Jina lilibadilishwa, lakini jaladani akabaki mtu mwenye upanga na ngao. Wimbo wa "Paranoid" waliutunga harakaharaka kuziba pengo. Unazungumzia akili isiyopata raha. Ukapanda hadi namba 4 Uingereza, albamu ikafika namba 1.

Sasa niambieni, nani anaelewa mambo hayo kuliko sisi tuliokimbia risasi tukaacha mashamba? Nyinyi mnaosimamia vituo vya vijana, msizime spika haraka. Na wewe mzee wangu, kwa heshima zote, kaa na mjukuu wako akutafsirie wimbo ule wa kwanza hadi mwisho. Halafu tuongee habari ya shetani.