Mateso Hayalindi Imani: Ndugu wa Uamsho na Kiapo cha Mau Mau

Hoja ya Tertullian wa Karthago kwamba damu ya mashahidi ni mbegu imegeuzwa kanuni mimbarani, na hata katika baadhi ya historia za makanisa yetu: mateso hukuza imani. Kanuni hiyo haisimami Ugikuyuni, nchini Kenya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952, makanisa mengi yalikimbiwa, na wabatizwa wengi walikula kiapo cha Mau Mau, waasi waliopigana na serikali ya kikoloni, wengine kwa hiari, wengine kwa kushurutishwa. (Madai yao ya ardhi yalikuwa ya haki, hilo silibishi.) Mbona basi Ndugu wa Uamsho, Wakristo wa vuguvugu la toba, walikataa, huku wenzao wa madhehebu yale yale wakikubali?

Huambiwa kwamba waliokoka kwelikweli. Jibu hilo linajizungusha: walisimama kwa kuwa imani ilikuwa ya kweli, na ukweli wake tunaujua kwa kuwa walisimama.

Mimi naangalia desturi yao. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kabete mwaka 1937 uliwazoesha watu kutubu mbele ya wenzao, tena kwa kutaja jambo lenyewe: deni lililofichwa, mali iliyoibwa, chuki kati ya mume na mke. Derek Peterson, katika kitabu chake cha 2012, ameeleza jinsi uanikaji huo ulivyowaudhi wazalendo waliotunza heshima ya jamii. Naongeza kwamba ulikinzana na kiapo katika kiini chake. Kiapo kiliishi kwa siri, na mtoa siri aliahidiwa kifo. Aliyekwisha kuungama uzinzi wake mbele ya jirani angewezaje kuketi tena katika kikundi chao cha toba amefunga mdomo? Kukataa kwake hakukuhitaji ushujaa mpya usiku wa kiapo. Kulikuwa kumeandaliwa kwa miaka. Aliyezoea kujianika mbele ya jirani hangeweza pia kumwelekezea bunduki, ndiyo maana wengi wao walikataa pia bunduki za ngati, askari wa kienyeji wa serikali, wakabaki bila ulinzi wa upande wowote. Woga wa Mau Mau peke yake hauelezi hilo.

Yawezekana kupinga kwamba serikali nayo ilidai maungamo katika kambi za kizuizini. Lakini kambini mtu alibanwa awataje wengine. Katika ushirika wa Ndugu alijitaja mwenyewe. Kwamba shuhuda nyingi tulizo nazo ni za walionusurika ni kasoro ya kweli, ila haigusi mpangilio huu wa kukataa pande zote mbili.

Huenda hoja hii inavuka mipaka ya Kenya. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliokoka katika Uamsho huo huo mwaka 1948. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin wakilalamikia mauaji na uonevu, wakatia sahihi majina yao, kwa uwazi ule ule. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huo, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.