Gari la Viti Viwili: Kabla ya Kulilipia, Ulizia Ukoo Wake

Leo tunaiweka tarakilishi kando kidogo tuzungumze magari, ingawa mtaona kwamba hatujaenda mbali sana. Swali ni hili: mtu mwenye mfuko mdogo anayetamani gari la spoti la viti viwili, lile fupi, la chini, lenye milango miwili, achague lipi kati ya yale yaliyokwisha tumika?

Wazungu huliita gari la namna hii coupe. Litamke neno hilo kwa Kiswahili na unapata kupe, yule mdudu anayemnyonya ng'ombe damu. Baadhi ya magari haya yanastahili jina hilo kabisa, maana yamenyonya akiba za vijana wengi mpaka yakaishia kuota nyasi uani. Mengine yametumika miongo kadhaa bila kumfilisi mtu. Nimeisoma historia yake nikitafuta kinachotofautisha makundi haya mawili, na jibu nililolipata si kasi wala umri. Ni ukoo. Injini ya gari hili ilizaliwa ndani ya gari gani?

Sababu yenyewe ni ya kihesabu. Gari la viti viwili hununuliwa na wachache, kwa sababu halibebi watoto wala gunia la viazi. Kubuni injini mpya kwa ajili ya wanunuzi wachache ni gharama kubwa mno. Kwa hiyo kiwanda kinachotaka kuliuza kwa bei nafuu hufungua stoo ya magari yake ya kawaida na kuchukua kilichopo. Sisi waandishi wa programu tunaufahamu mtindo huu. Hakuna anayeandika upya kila kitu. Unachukua msimbo uliokwisha kujaribiwa na maelfu ya watu, unauunganisha na wako, kisha nguvu zako unazielekeza kwenye kile kilicho kipya.

Tuanze na gari ambalo wazee wetu wanalikumbuka. Mwaka 1969 Nissan ilizindua Fairlady Z huko Japani, na gari hilo likauzwa Marekani kama modeli ya mwaka 1970 kwa jina Datsun 240Z, bei yake dola 3,526. Chini ya boneti kulikuwa na injini ya silinda 6, L24. Sasa tazama vipimo. Kila silinda ina upana wa milimita 83 na pistoni husafiri milimita 73.7. Chukua injini ya L16 ya silinda 4 iliyokuwa ndani ya Datsun 1600, gari la familia: milimita 83 kwa 73.7, vilevile. Ni silinda ileile, ila hapa imerudiwa mara 6 badala ya 4. Ndiyo maana moja ina sisi 1,595 na nyingine sisi 2,393, mara moja na nusu.

Je, ukoo huo ulikuwa imara? Jibu lilipatikana kwenye vumbi na tope la hapa kwetu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 1600. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda kwa gari hilohilo, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun pia. Gari la viti viwili lilipita njia ambazo leo watu huzipita kwa Land Cruiser.

Twende Italia. Mwaka 1969 Fiat ilitoa gari dogo la familia, Fiat 128, lenye injini iliyolala kingamo mbele na kuendesha magurudumu ya mbele. Mwaka 1972 ikatoa X1/9, lililochorwa na Bertone. Ujanja wake ulikuwa mwepisi: wahandisi waliichukua injini ya 128 pamoja na giaboksi yake wakaihamishia nyuma ya viti, ikaendesha magurudumu ya nyuma. Kwa hatua hiyo moja mtu wa kawaida alipata gari lenye injini katikati, mpangilio uliokuwa wa matajiri wa Ferrari na Lamborghini. Injini haikuwa tatizo, kwa kuwa fundi yeyote wa Fiat aliijua. Lililoyamaliza mengi ya magari hayo ni kutu ya bodi. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Toyota ilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1984 ilizindua MR2, injini katikati, viti viwili. Toleo lililolipa jina lilikuwa na injini ya 4A-GE ya sisi 1,587, iliyokuwa tayari imeingia kwenye Corolla Levin mwaka 1983. Kizazi cha pili, cha 1989 hadi 1999, kilitumia ukoo wa 3S, ambao tunaufahamu kutokana na RAV4 za kwanza, Camry na Caldina. Kizazi cha tatu, kilichoanza 1999 na kuisha 2007, kina paa la turubai na injini ya 1ZZ-FE. Hiyo ndiyo injini ya Wish na Premio za sisi 1,800 za miaka hiyo. Nenda Kirinyaga Road pale Nairobi, mtaa ambao wengi bado wanauita Grogan, utaje Wish au Premio uone kama utakosa spea.

Lakini msidhani kuazima kunatosha. Pontiac ya Marekani iliazima pia, ikaungua, na siongei kwa mafumbo. Gari lake la Fiero lilitoka kama modeli ya mwaka 1984. Mfumo wa springi wa mbele ulitoka kwenye Chevette, wa nyuma ukatoka mbele ya Citation, na injini ilikuwa ya silinda 4 ya lita 2.5 iliyotungwa kwa ajili ya magari ya kwenda kazini. Baadhi ya injini za 1984 zilikuwa na konrodi dhaifu, yaani ule mkono unaoshika pistoni. Oili ikipungua, konrodi inavunjika, oili inamwagikia ekzosi yenye moto. Mwaka 1987 magari ya modeli hiyo yaliitwa yarudishwe kurekebishwa. Modeli ya 1988 ilipata mfumo wake wenyewe wa springi, ulio bora zaidi, na mwaka huohuo gari likafutwa. Funzo: ukirithi msimbo wa mwingine, unarithi na hitilafu zake. Hata ile 1ZZ-FE niliyoisifu, matoleo ya kwanza yalijulikana kwa kula oili. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Upande wa pili yuko yatima. Mazda RX-7 ya mwisho, iliyotengenezwa kuanzia 1991 hadi 2002, haina pistoni. Ina injini ya Wankel, ambamo vipande vya pembe tatu huzunguka ndani ya chumba, na turbo mbili zinazoingia kwa zamu. Ni gari zuri ajabu. Lakini sili zinazoziba ncha za pembe zile zikichakaa, hakuna Premio wala Wish ya kukuokoa. Unahitaji fundi anayeijua injini hiyo na vipuri vyake vyenyewe. Kwa mfuko mdogo, huyo ndiye kupe.

Sasa turudi nyumbani. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Maana yake ni kwamba MR2 zote zilizopo zimekwisha kuingia, haziji nyingine. Vivyo hivyo kwa Nissan 350Z, mjukuu wa 240Z aliyetoka 2002, ambaye injini yake ya VQ35 ni ndugu wa ile ya Murano. Kila moja inayogongwa au kutelekezwa ni moja iliyopungua, na anayenunua leo ananunua kutoka kwenye ghala lisilojazwa tena. Hivyo swali la ukoo linakuwa zito zaidi. Injini utaipata kwa binamu zake. Lakini vipi visivyo na binamu?

Hapo ndipo pa kukagua. Kabla ya kusikiliza injini, andika orodha ya vitu ambavyo gari hilo halikuazima: kioo cha mbele, taa, bampa, milango, raba za paa, pakiti za ndani. Kimoja kikikosekana, omba bei ipunguzwe au ondoka. Pili, bodi. Inama chini utafute kutu na alama za kuchomelewa, kwa sababu magari haya huendeshwa kwa fujo, na nyingi za MR2 zimewahi kuzunguka barabarani kwa vile uzito uko nyuma. Zile za kizazi cha pili za miaka ya kwanza ndizo zilizosifika zaidi kwa tabia hiyo, na Toyota ililazimika kurekebisha mfumo wa springi miaka ya mwanzo ya 1990.

Tatu, kwa gari lenye injini katikati, uliza kuhusu maji. Kwenye MR2 rejeta iko mbele na injini iko nyuma, hivyo maji husafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Fundi akibadilisha maji bila kuitoa hewa yote iliyonasa humo, injini inachemka na gasketi inaungua. Na aliyejaza maji ya bomba miaka kumi badala ya kulanti amelisha kutu mabomba hayo. Injini ni ya Corolla, naam, lakini mabomba si ya Corolla. Gari hufia palepale penye maungio, baina ya kilichoazimwa na kilichobuniwa. Programu nazo ni hivyohivyo.

Najua wako watakaosema pesa hizo zinunue Probox, nayo ina viti viwili mbele na shamba zima nyuma. Hawajakosea. Ila anayeitaka starehe hii si mjinga, mradi ajue anachonunua. Waliolitengeneza 240Z hawakuwapa watu wa kawaida gari la ndoto kwa kuanza upya. Waliwapa silinda ya gari la familia, wakaongeza mbili. Ukienda kutazama gari wikendi hii, acha rangi na rimu. Fungua boneti, au buti kama injini iko nyuma, soma namba ya injini, kisha uliza ni magari gani mengine mtaani yanayoibeba. Usipopata hata moja, rudisha pesa mfukoni.