Choo cha Mtoto Kina Habari

  

Mtoto akisaga meno usiku, jirani husema, "Huyo ana minyoo." Akikonda, ni minyoo. Akijikuna pua, ni minyoo. Lakini je, twajuaje kwa hakika? Jibu lilichukua miaka mingi kupatikana, na lilikuwa mahali ambapo wengi wetu huona haya kutazama: katika choo cha mgonjwa.

Mwaka wa 1838, daktari Mwitalia aitwaye Angelo Dubini alipasua maiti ya mwanamke mjini Milan. Ndani ya utumbo akaona minyoo midogo ambayo haikuwa imeelezwa bado. Hiyo ndiyo minyoo ya safura, ambayo huuma ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Kumbuka, mama, mgonjwa huyo alikuwa ameshakufa.

Kuanzia mwaka wa 1872, maelfu ya vibarua, wengi wao Waitalia, walichimba handaki la reli la Gotthard chini ya milima ya Uswisi. Ndani mlikuwa na joto na unyevu, wala hamkuwa na vyoo vya kufaa. Wachimbaji wakaanza kupauka, kuhema na kuishiwa nguvu. Mwaka wa 1880, mmoja wao alifariki mjini Turin. Alipopasuliwa, utumbo wake ulikutwa na safura kwa wingi.

Je, wenzake waliobaki hai? Miaka miwili nyuma, Giovanni Battista Grassi na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba safura hutambulika kwa mayai yake. Mnyoo jike hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka pamoja na choo. Basi Edoardo Perroncito akachukua choo cha wachimbaji wagonjwa, akakitazama kwa hadubini. Mayai yalikuwamo. Ugonjwa ukajulikana mtu angali hai, naye aweza kutibiwa.

Baadaye njia hiyo iliboreshwa. Mwaka wa 1954 huko Japani, Kato na Miura walifunika choo kwa karatasi laini ya selofani iliyolowekwa katika gliserini, ili mayai yaonekane vizuri. Mwaka wa 1972 huko Brazil, Naftale Katz na wenzake wakaongeza kibao chenye tundu la kupimia choo. Sasa mayai yaliweza kuhesabiwa, na ikajulikana kama minyoo ni michache au mingi. Njia hii imetumika sana hata hapa Kenya katika uchunguzi wa shuleni.

Labda utauliza, "Mbona mwanangu hupewa dawa shuleni bila kupimwa?" Ni swali zuri. Tangu mwaka wa 2009, wanafunzi wengi nchini wamepewa dawa hiyo kwa pamoja, kwa sababu ni salama na ni ya bei nafuu kuliko kipimo. Lakini mtoto aliyepauka, anayechoka upesi au kuumwa tumbo mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya. Upungufu wa damu huletwa pia na malaria na lishe duni. Ukibahatisha kwa dawa ya minyoo peke yake, ugonjwa mwingine waweza kuendelea kumdhuru.

Ukiombwa choo, fanya hivi:

- Tumia kichupa safi, kikavu, chenye kifuniko.
- Choo kisichanganyike na mkojo wala udongo.
- Kipeleke mapema siku hiyo hiyo, maana mayai ya safura huharibika upesi.
- Yasipoonekana mayai, huenda ukaombwa kuleta tena. Usichoke.
- Mtoto akikojoa damu, sema. Huenda ni kichocho, na hapo hupimwa mkojo.

Basi mama, usione haya kubeba kichupa hicho. Wachimbaji wale waliteseka mpaka mmoja akapasuliwa ndipo chanzo kikajulikana. Mwanao hahitaji kungoja hivyo. Kisha nawa mikono kwa sabuni.