Droo ya Zamani Inavyotaja Umri Wake

Vuta droo ya kabati la zamani la Ulaya au Marekani, kisha tazama kona yake. Ubao wa pembeni unaishia kwa vipande vinavyotanuka kama mkia wa njiwa, navyo vimekaa ndani ya mapengo ya ubao wa mbele. Ukivuta, vinabana, havichomoki. Mafundi wa Misri ya Kale nao walikijua kiungo hiki.

Kwa karne nyingi kilikatwa kwa mkono. Seremala alikwaruza mstari wa kipimo, akakata kwa msumeno, akamalizia kwa patasi. Ndiyo maana mikia hailingani sawasawa, na mstari ule mara nyingi bado unaonekana.

Mwaka 1867, Charles Knapp wa Marekani akapata hataza ya mashine. Cha ajabu, haikuiga mkia wa njiwa hata kidogo: ilikata nusu duara zenye kijiti katikati. Kufikia mwaka 1900 hivi, mashine nyingine zilizokata mikia yenyewe zilikuwa zimeiondoa sokoni.

Kwa hiyo ukiona nusu duara, fikiria miaka ya 1870 hadi 1900. Mikia inayofanana kabisa? Mashine hiyo. Isiyolingana ni dalili ya mkono, ingawa si ya umri peke yake, maana wapo wanaoikata hivyo hadi leo.

Basi kabla hujapiga msasa, angalia kwanza. Mstari ule huenda ndio saini pekee ya fundi ambaye jina lake halikuandikwa popote.