Karakana za Nise da Silveira

Mwaka 1944 daktari Nise da Silveira alirudi kazini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, nchini Brazili. Mwaka 1936 alikuwa amefungwa kwa tuhuma za ukomunisti. Sasa aliwakuta wenzake wakisifu tiba mpya: mshtuko wa umeme na upasuaji wa ubongo. Alipoambiwa abonyeze kitufe cha mashine ya umeme, alikataa.

Ndipo akaangukia kitengo cha kazi za mikono, kilichodharauliwa na madaktari. Huko "kazi" ya mgonjwa ilikuwa kufagia na kusafisha. Kwa maneno mengine, hospitali ilikuwa na vibarua wa bure. Kuanzia 1946 Nise aliwapa brashi, rangi na udongo wa kufinyanga. Karakana ya uchoraji aliianzisha pamoja na msanii kijana, Almir Mavignier. Watu waliohesabiwa kuwa hawana tena la kusema, kama Adelina Gomes na Fernando Diniz, walitoa kazi nyingi hata 1952 zikafunguliwa jumba lake la makumbusho, na 1957 zikaonyeshwa Zurich, ambako Carl Jung alizitazama.

Wengi husimulia habari hii kana kwamba kilele chake ni Zurich. Mimi sioni hivyo, maana picha zilisafiri huku wachoraji wakibaki wodini. Nise naye hakuridhika: 1956 alishiriki kuanzisha Casa das Palmeiras, mahali ambapo mgonjwa alishinda akichora, jioni akarudi kwao.