Maradhi ya Sikio la Kati kwa Watoto

Ni maradhi yanayozuka nyuma ya kiwambo cha sikio, katika chumba kidogo chenye hewa kilichounganishwa na koo kwa mrija ambao Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Kitaliani wa karne ya 16, aliueleza hata ukapewa jina lake. Mrija huo kwa mtoto mchanga ni mfupi na umelala, ilhali wa mtu mzima huteremka kuelekea kooni. Kwa hiyo mafua ambayo mzazi hayahesabu kuwa ni ugonjwa huweza kupandia humo na kukijaza chumba usaha, na aghalabu wapatwao ni watoto wa miezi 6 hadi miaka 2.

Asiyejua kusema huonyesha maumivu kwa homa, kukataa kunyonya, kulia usiku akilazwa, na kulivuta sikio, ingawa alama hii ya mwisho peke yake si dalili ya kutegemewa, kwani watoto wazima nao huchezea masikio yao. Kisha pengine, alfajiri, kiwambo hupasuka, usaha humwagika juu ya mto, na mtoto hushikwa na usingizi mzito. Hapo ndipo wazee wengi hudanganyika wakidhani kwamba shifaa imepatikana, kumbe kilichoondoka ni ule mbano wa ndani tu.

Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, usaha usiotimiza siku 14 hutibiwa kwa amoksilini ya kunywa siku 5, na parasetamoli ya kutuliza maumivu. Ukitimiza siku 14 au kuzidi, maradhi yamekwisha kuwa sugu, na hutakiwa matone ya kwinoloni kwa wiki 2, pamoja na kulikausha sikio mara 3 kwa siku kwa utambi wa kitambaa safi, unaotiwa mpaka ulowe, ukabadilishwa, hata utoke mkavu. Kazi hii ya utambi haina fahari, nayo hudharauliwa, ilhali matone hayafiki mahali pake sikio likiwa limejaa usaha. Mafuta ya nazi na maziwa ya mama, japo ni desturi kongwe, yasitiwe kabisa.

Sikio linalovuja kimyakimya kwa miezi hupunguza usikivu, na mwenyewe huitwa mkaidi chuoni. Ama uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni ishara kwamba uambukizo umefika mfupani. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku ile ile, asingojeshwe asubuhi.